Tulikwenda Kujifunza Kusuka, Tukafundishwa Kuhesabu

Maneno haya yalisemwa na katibu wa kikundi kimoja cha akina mama wa ukingo wa Mto Tana, karibu na mji wa Garissa, mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema. Vikundi vingi vinavyosoma gazeti hili vinasuka, na vingi vinatuuliza swali moja: mbona tunafanya kazi na hatuoni pesa?

 

Nimepewa nusu saa. Mimi si mwalimu wala si mtu wa semina. Mimi ni msukaji, na ukatibu nimepewa kwa sababu wenzangu walisema ndiye mimi niliyefika darasa la nane. Kwa hivyo nitasema kama tunavyosemezana chini ya mti, na nikikosea mtanirekebisha baadaye.

Nataka kuwaeleza jinsi sisi sita tulivyokwenda kwa wasukaji wa vyondo upande wa Mwingi, tukakaa nao siku nne. Lakini kwanza lazima niseme kilichotupeleka. Mtu haendi kwa mganga kama haumwi.

KIKAPU KILICHOTUTIA HASARA

Nyote mnakumbuka ule ukame. Mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa 2022. Katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Hizo ni hesabu za serikali. Hesabu yetu sisi ni hii: katika kikundi chetu yuko mama aliyekuwa na mbuzi 60 akabaki na 4, na hao 4 aliwalisha maboksi ya karatasi.

Mbuzi wakiisha, mwanamke anabaki na nini? Anabaki na mikono. Sisi watu wa hapa tunajua kusuka tangu zamani. Nyumba yetu ya kuhama, aqal, inafunikwa kwa mikeka iliyosukwa na wanawake. Maziwa tunayaweka katika dhiil, chombo kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi mpaka kinashika maziwa yasivuje. Na hapa mtoni kuna mikoma, na miyaa yake tunasukia mikeka na vikapu. Basi tukasema, tusuke tuuze.

Akaja mfanyabiashara mmoja. Alitaka vikapu 40, kila kimoja shilingi 250. Tulifurahi sana! Tukafungua sanduku la kikundi, tukatoa shilingi 5,200 za miyaa, rangi na nauli. Tukasuka usiku na mchana. Siku ya kuvichukua akavipanga chini, akavitazama, akachukua 17 tu. Akasema vingine ni vidogo, vingine ni vikubwa, vingine vimepinda mdomo. Na hivyo 17 akalipa shilingi 200, si 250. Tukauliza kwa nini. Akasema, “Nionyesheni mahali tulipoandika 250.” Hatukuwa tumeandika mahali popote.

Hebu hesabuni. Tumetoa 5,200. Tumepata 3,400. Akina mama 24 walifanya kazi wiki nyingi ili wapoteze shilingi 1,800. Na vikapu 23 vikabaki ndani ya nyumba yangu, panya wakavifanya mji wao.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine wakasema mweka hazina amekula. Hakula, maskini, lakini hakuwa na kitabu cha kumtetea. Wawili wakatoka kikundini. Tukawa tunakutana bila kuangaliana usoni.

SAFARI

Mratibu wa maendeleo wa parokia alipotusikia, hakutupa pesa. Alituuliza: “Mmewahi kuwaona watu wanaoishi kwa kusuka?” Tukasema hapana. Akasema basi kachagueni sita.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalikuwa yamekata barabara kati ya Madogo na Garissa, kwa hivyo tulingoja mpaka Agosti. Tukavuka daraja la Tana, vitambulisho mkononi kama kawaida yetu, tukapita Madogo, Ukasi, Nguni, mpaka Mwingi. Kati ya sisi sita alikuwemo nyanya mmoja, tunamwita Ayeeyo. Wengine walinong'ona, huyu mzee anakwenda kufanya nini? Nitamrudia, msimsahau.

Wenyeji wetu walikuwa kikundi cha akina mama Wakamba. Walitupokea vizuri. Walimtafuta Mwislamu kutoka mjini aje kuchinja kuku ili tule bila wasiwasi. Tulikula muthokoi, na waliokuwa hawajauona waliuliza mahindi haya yamevuliwa nguo na nani. Tukacheka. Urafiki ukaanza.

ATI TULIPE?

Kesho yake asubuhi mwenyekiti wao akasema: “Ada ya mafunzo ni shilingi 200 kwa kila mtu kwa siku.” Jamani, kimya kilichoingia hapo! Mmoja wetu akaniambia kwa Kisomali, “Abaayo, hawa si walitukaribisha? Ati tulipe?” Kwetu ufundi haununuliwi. Unakaa karibu na mama yako, unaangalia, unachapwa kidole, unajua.

Yule mama hakukasirika. Alisema hivi: “Chakula na malazi ni ya wageni, hayo ni bure. Lakini siku nne nikikaa nanyi, kiondo changu hakisogei. Mimi nimejifunza kazi hii tangu utotoni. Nikiitoa bure, nitakuwa nimesema haina thamani. Na nyinyi mtaamini.”

Mratibu wetu ndipo akatueleza habari za mbali kidogo. Alisema katika nchi ya Guatemala, Amerika ya Kati, wako wanawake wa kabila za Wamaya. Nchi hiyo ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1960 mpaka mkataba wa amani wa Desemba 1996. Tume iliyochunguza vita hivyo ilitoa taarifa mwaka 1999, ikasema waliouawa au kupotezwa ni zaidi ya 200,000, na wengi wao walikuwa Wamaya. Wajane walibaki na watoto na mikono, kama sisi na ukame. Mwaka 1988, vita bado havijaisha, baadhi yao waliungana wakaanzisha ushirika wa kufuma katika mji wa Quetzaltenango, unaoitwa Trama Textiles. Wanafuma kwa mtambo wa vijiti: upande mmoja unafungwa kwenye nguzo, upande mwingine mshipi unazunguka kiuno cha mfumaji mwenyewe. Nguo wanauza. Lakini pia wanafundisha. Mgeni akitaka kujua, analipa ada, anakaa na mwalimu mpaka anaondoka na kitambaa alichofuma kwa mikono yake. Kwa hivyo ushirika una mali mbili za kuuza: nguo, na ujuzi wa kuifuma. Siku nguo hazinunuliwi, ujuzi bado unaweza kununuliwa.

Tukatazamana. Tukalipa.

KUJIFUNZA KUSUKA

Kiondo si kikapu cha miyaa. Sisi tunasuka ukili mrefu kwanza halafu tunaushona. Kiondo kinaanzia kwenye kitako, kinazunguka na kupanda. Jani la mkonge unalikwangua mpaka nyuzi zibaki, unazianika juani, halafu unazisokota juu ya paja. Mimi niliona ni kitu rahisi, maana wale mama walikuwa wanasokota huku wakitembea na kupiga hadithi. Kufikia adhuhuri paja langu lilikuwa jekundu kama nyanya na uzi wangu una mafundo kama utambi.

Kitako unaanza kwa nyuzi chache zilizopishana. Nyuzi mbili nyembamba zinazunguka, moja mbele moja nyuma, zinabana ule uzi uliosimama. Kitako kikipanuka unaongeza nyuzi za kusimama. Ukiongeza haraka, kinajikunja kama sahani ya bati iliyokanyagwa na punda. Ukichelewa, kinafunga kama ngumi. Changu kilifumuliwa mara tatu. Mara ya tatu nilitaka kulia. Mwalimu wangu akasema, “Kufumua si aibu. Aibu ni kukipeleka sokoni.”

Hayo nimeyaweka moyoni, kwa sababu vikapu vyetu 23 tulivipeleka sokoni.

KUJIFUNZA KUHESABU

Sasa akina mama, hapa ndipo nataka masikio yote mawili. Jambo kubwa tuliloliona huko halikuwa kwenye vidole vyao. Vidole hata sisi tunavyo. Lilikuwa katika mambo manne.

La kwanza, kopo la maharagwe. Kila msukaji ana kopo. Kila saa moja ya kusuka anatia punje moja. Kiondo kikiisha anahesabu punje. Kwa hivyo anajua kiondo hiki kimekula saa ngapi za maisha yake. Sisi tulipoulizwa kikapu chetu kinachukua saa ngapi, kila mtu alitaja lake. Hatukuwa tunajua! Usiku ule tukakaa tukakumbuka, kwa kufuata adhana, kati ya adhuhuri na alasiri unafika wapi, kati ya alasiri na magharibi unafika wapi. Tukapata kama saa 14 kwa kikapu.

Basi fanyeni hesabu nami. Vifaa na nauli kwa kikapu kimoja, shilingi 130. Kama yule mfanyabiashara angelipa 250 kamili, ingebaki 120. Gawanya kwa saa 14. Ni shilingi 8 na senti kwa saa. Saa mbili za kusuka hazinunui kikombe kimoja cha chai mjini Garissa. Kumbe hata bei tuliyoililia haikuwa bei. Tulikuwa tumedhulumiwa kabla mnunuzi hajafika, na waliotudhulumu ni sisi wenyewe, kwa kutojua.

La pili, kamba ya mafundo. Kila msukaji amepewa kamba moja. Fundo la kwanza ni upana wa kitako, la pili ni kimo, la tatu ni urefu wa mkanda. Kamba zote zimepimwa kwa moja iliyo kwa mwenyekiti. Kwa hivyo mama aliye huku na mama aliye ng'ambo ya kilima wanatoa vyondo vinavyolingana. Kamba ya bei gani hiyo? Ya bure.

La tatu, wakaguzi wawili. Kabla mnunuzi hajaona kitu, wanakagua wenyewe. Kilicho kibovu hakitangazwi mkutanoni. Mwenyewe anaitwa kando, anaonyeshwa, anafumua. Heshima yake inabaki.

La nne, kitabu. Kila oda inaandikwa: vingapi, kipimo gani, rangi gani, bei gani, siku gani, na sahihi za pande mbili. Halafu yanaandikwa majina, nani amesuka vingapi, nani amelipwa kiasi gani. Na oda inakwenda kwa zamu. Aliyekosa mara iliyopita ndiye wa kwanza safari hii, hata kama si rafiki wa mwenyekiti.

BIASHARA YA HAKI NI NINI?

Huko pia tulisikia sana maneno “biashara ya haki”. Wengi wetu tulifikiri ni msaada wa wazungu. Sivyo.

Ni kweli mwanzo wake una mkono wa watu wa kanisa. Mwaka 1946 mama mmoja Mmenoni wa Marekani, Edna Ruth Byler, alitembelea Puerto Rico akaona wanawake wanaotarizi vizuri na bado ni maskini. Akanunua kazi zao akaenda kuwauzia majirani zake, akizibeba ndani ya gari lake. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Ten Thousand Villages. Hapa kwetu Kenya, Baraza la Kikristo lilianzisha Tototo Home Industries mjini Mombasa miaka ya 1960, kuwasaidia wanawake wa pwani kufanya kazi za mikono na kuziuza. Na mwaka 1989 wauzaji na watengenezaji wa nchi nyingi waliunda chama cha dunia, ambacho leo kinaitwa WFTO. Kina kanuni 10.

Sitazitaja zote. Nitataja zile zinazotugusa. Bei ikubaliwe na pande zote mbili kwa kuzungumza. Mwanamke alipwe sawa na mwanamume kwa kazi ile ile. Mtoto asiache shule kwa ajili ya kazi. Mazingira yalindwe. Hili linatuhusu sana sisi watu wa mkoma, kwa maana ukikata makuti machanga yote ya mti mmoja, mwakani hutapata kitu. Kata moja, acha mengine.

Na iko hii moja ambayo Ayeeyo aliiomba irudiwe mara mbili. Mnunuzi wa kazi za mikono, akiombwa na wasukaji, anatakiwa kulipa mapema angalau nusu ya bei ya oda, bila riba. Bila riba! Ayeeyo akasema, “Hiyo hata shehe ataikubali.” Kwa hivyo miyaa na rangi hazitoki kwenye sanduku lenu. Zinatoka kwa anayetaka vikapu.

Lakini haki ni njia mbili. Mkipokea nusu hiyo, lazima mtoe kazi kwa kipimo, kwa idadi, kwa siku. Ukichelewa bila kusema, wewe ndiye mdhalimu safari hii.

Na msidhani soko ni rafiki. Wenyeji wetu walitueleza. Miaka ya 1980 kiondo kilipendwa sana Ulaya na Marekani. Halafu vikatokea vikapu vya kuiga, vilivyotengenezwa Asia kwa mashine, kwa bei ya chini. Akina mama wengi wa Ukambani na wa mlima wakaachwa na vyondo mikononi. Waliobaki kazini ni wale waliokuwa na ubora ambao mashine haiwezi, na waliokuwa na zaidi ya mnunuzi mmoja.

CHOMBO CHA AYEEYO

Sasa nimrudie Ayeeyo. Siku tatu alisuka kiondo pole pole, bila kulalamika. Lakini ndani ya mfuko wake alikuwa na dhiil moja kuukuu ya maziwa, nyingine aliyoianza na hajaimaliza, na fungu la nyuzi za mizizi. Jioni ya siku ya tatu akaitoa ile kuukuu aifukize, kama tunavyofanya kuisafisha kwa moshi. Mama mmoja Mkamba akauliza, “Susu, hiki ni kikapu cha nini?” Akaambiwa ni cha maziwa. Akasema hapana, kikapu hakiwezi kushika maziwa.

Ayeeyo hakujibu. Akachukua maji, akajaza, akakitundika kwenye tawi. Tukakaa tukazungumza. Tukala. Tukaswali. Tukarudi. Chini ya chombo ardhi ilikuwa kavu.

Wale mama walikizunguka kama watoto. Hawa ni watu wanaosuka tangu wazaliwe, na vidole vyao havikuelewa walichokiona. Mwenyekiti wao akasema, “Kesho hatufundishi. Kesho tunafundishwa.” Siku ya nne wanawake watano walikaa chini mbele ya Ayeeyo. Alikuwa hajui Kikamba, na Kiswahili chake ni cha sokoni tu, lakini alishika mikono yao moja moja, na mtu aliyekosea alipigwa kidole kama sisi tulivyopigwa.

Jioni wakaleta pesa. Watano, mia mbili mbili, shilingi 1,000. Ayeeyo akakataa. Akasema, “Mtu akikuuliza njia, unamlipisha?” Yule mwenyekiti akachuchumaa mbele yake akasema: “Susu, sisi tulikulipisha. Ukikataa pesa hii, kesho nitaona haya kumlipisha mgeni mwingine, na wajukuu wangu watalala njaa. Na binti zako watasema, kama chombo hiki kingekuwa na maana, si kingelipiwa?”

Ayeeyo akazichukua. Akazifunga kwenye ncha ya shuka yake. Ndani ya basi, baada ya Nguni, akaniambia kwa sauti ndogo: “Nimesuka mikeka ya nyumba za binti zangu wote. Nimeuza mbuzi, nimeuza maziwa. Hii ni mara ya kwanza nimelipwa kwa kitu kilicho kichwani mwangu.”

Ndugu zangu, katika kijiji chetu Ayeeyo ndiye peke yake aliyebaki anayeweza kusuka dhiil isiyovuja. Sisi wengine tunakusanya maziwa kwenye madumu ya plastiki. Na macho yake yameanza kuingia ukungu. Tulikuwa tunaishi na shule, tukienda kuitafuta shule Mwingi.

TULIPORUDI

Sitaki kuwadanganya kwamba tumetajirika. Nitawapa hesabu kama ilivyo.

Tulianza na kamba za mafundo. Kikapu chetu sasa kinachukua saa 12 badala ya 14, kwa sababu hatubahatishi tena. Tuliamua saa ya msukaji ni shilingi 30. Saa 12 ni 360. Vifaa na nauli ni 130. Tukaongeza 30 za sanduku la kikundi, za simu na hasara ndogo ndogo. Jumla 520. Mnunuzi wa kwanza alicheka akaondoka. Wa pili hakurudisha simu. Akina mama wakaanza kusema, turudi kwa 250, si afadhali kidogo kuliko kukosa? Tulibishana jioni nzima. Mimi nilisema, tukirudi kwa 250 tunasuka ili tufilisike, na kufilisika tunaweza kufanya hata tukiwa tumelala.

Wa tatu, duka moja la Nairobi, alizungumza nasi mpaka shilingi 500. Vikapu 30. Tuliomba nusu mbele, na shilingi 7,500 zikaingia kwa M-Pesa kabla hatujakata kuti hata moja. Wakaguzi wetu walirudisha viwili vifumuliwe. Kimoja kilikuwa changu, nikafumua. Vyote 30 vikapokelewa. Shilingi 15,000, ukitoa vifaa 3,900, zikabaki 11,100. Kila kikapu kilimpa msukaji 340, na 30 zikaingia sandukuni. Ni kama shilingi 28 kwa saa. Bado si nyingi. Lakini ni mara tatu ya ile ya zamani, na kila mtu anaweza kufungua kitabu akaona. Mmoja wa wale wawili waliotoka amerudi. Na mweka hazina wetu ameombwa msamaha hadharani, jambo ambalo tulichelewa kulifanya.

Na Jumamosi mchana, baada ya duksi, wasichana sita wanakaa kwa Ayeeyo. Kikundi kinamlipa shilingi 100 kila Jumamosi kutoka sandukuni. Ni kidogo, na tumemwambia ni kidogo. Kuna wazee waliosema tunaharibu mila kwa kulipia mila. Mimi nawaheshimu. Lakini nawauliza: katika miaka ishirini ambayo ilikuwa bure, ni wasichana wangapi waliokuja kujifunza?

Wako wenzetu kule Ngurunit, upande wa Marsabit, Wasamburu na Warendille. Walikichukua chombo chao cha maziwa ya ngamia wakakigeuza kikapu cha kuuza, na leo kinajulikana mbali. Hawakuiga kiondo cha mtu. Sisi pia vyondo hatutasuka, maana mkonge si wetu na Wakamba ni majirani zetu. Tumechukua kwao kopo, kamba na kitabu. Cha kusuka tunacho.

OMBI LANGU

Naomba kila kikundi kifanye mambo matatu kabla ya mkutano ujao. Moja, kila msukaji aweke kopo, na ahesabu saa za kazi moja, mwanzo hadi mwisho. Mbili, msukubali oda bila karatasi, hata kama mnunuzi ni binamu. Tatu, mtafuteni mtu mmoja mzee katika kijiji chenu mwenye ujuzi ambao hakuna kijana anayeujua. Mkae naye. Mumlipe, hata kama ni kilo ya sukari.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisichopimwa hakijulikani kimejaa au la.  

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kazi moja ya kikundi chenu inachukua saa ngapi? Ukitoa vifaa na nauli, kila saa inamletea mtu shilingi ngapi?

2. Mara ya mwisho mnunuzi alipowakatalia kazi, kosa lilikuwa la nani? Je, kuna maandishi yanayoonyesha?

3. Ni nani katika kijiji chenu anayejua jambo ambalo likipotea halitarudi? Mmefanya nini juu yake?

4. Je, ni vibaya kulipia mafunzo ya mila? Wazee na vijana wa kikundi waseme kila upande.